Zaituni Yuko Ndani

Tangu nirudi kutoka kusini mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja kilichonipata, na kila mmoja nimempa kipande chake. Sasa vipande vimeanza kugombana. Mmoja anasema nilifukuzwa na simba, mwingine anasema nililala rumande, na jana mpishi wa klabu kanipa pole ya kuozesha mtoto. Basi kaeni niwaandikie yote mara moja. Habari za tiketi na kuomba ruhusa kazini naziruka, hazina utamu.

Dar es Salaam: neno la dereva

Dereva wa lori la korosho alinikuta uwanjani nikifundisha watoto. Siku hizi za ruksa wanunuzi binafsi wamejaa Newala, na malori yao yamekuwa ndiyo posta yetu. Alikuwa na haraka, lori linaunguruma nje. Akasema, "Dada, nina neno la mama yako wa Mnyambe. Zaituni yuko ndani, na hali yake si nzuri. Anasema uende." Nikamuuliza ndani wapi. Akasema yeye naye kaambiwa na mtu, na mtu huyo kaambiwa vivyo hivyo, akaondoka.

Zaituni ni mwanangu wa pekee. Miaka niliyokuwa nazunguka na raketi ya tenisi alikaa kwa mama yangu Mnyambe, huko Newala, na nilipoacha kucheza akakataa kuja mjini kwa sababu kamzoea bibi yake. Yuko darasa la tano. Mtoto wa darasa la tano anawekwa ndani kwa kosa gani? Jibu nilikuwa nalo, nalo ndilo lililonikata maini. Mama yangu anapika gongo, pombe haramu ya mabibo ya korosho. Msimu wa mabibo nyumba nyingi kule hazikosi mtungi, na mama yangu anasifika kwa hilo. Nikaiona picha yote: polisi wamekuja, bibi kakimbilia shambani, mtoto kabaki na mtungi, wamembeba yeye.

Mnaonijua zamani mtashangaa, lakini mimi ni mwoga. Nairobi, Lusaka, Harare, kote nilikocheza kwa malipo watu waliniita jiwe. Uoga umenianza tangu bega liliponikataa. Ilikuwa Harare, katikati ya seti ya pili. Nilitoka uwanjani nimeushika mkono wangu kama mtoto mchanga, mwamuzi akatangaza jina la mwenzangu, watu wakampigia makofi yeye, mimi nikaenda kuoga. Hakuna aliyeniaga. Tangu siku ile simu ikilia nashtuka, mlango ukigongwa nashtuka. Sasa fikirieni neno kama lile la dereva lilivyonifanya.

Nikachukua raketi ndogo niliyokuwa nimemnunulia Zaituni, nikaitia kwenye mfuko wake, nikaenda nayo. Mikono yangu ikishika raketi haitetemeki.

Mto Rufiji

Pantoni ilikuwa imekufa. Tulikaa ng'ambo ya huku mpaka tukajuana majina. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, barabara nyuma yetu imekuwa uji, na habari zilizokuja na wavukaji wa mitumbwi ni kwamba mbele ni mbaya zaidi. Wenzangu walikaanga samaki, wakacheza bao, wakalala. Mimi nilikuwa natazama maji na kuhesabu mambo ambayo mtoto anaweza kufanyiwa selo.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa Mkomaindo, pale Masasi, aitwaye Mama Devota, mfanyabiashara wa mitumba. Alikuwa kakalia robota lake kama kiti cha enzi na hakuna kondakta aliyethubutu kumwambia alisogeze. Alinigawia muhogo wa kuchemsha na samaki, kisha akaelekeza kidole kwenye raketi iliyochungulia mfukoni mwangu akauliza hilo chekecheke ni la kuchekechea nini, maana tundu zake kubwa, unga wote utapita. Nikamwambia ni la kuchezea. Akanitazama kwa huruma, mtu mzima na kitu cha kuchezea.

Akaniuliza naenda kwa nani. Nikasema kwa mwanangu. Ana nini? Kumwambia mtu niliyekutana naye leo kwamba mwanangu yuko selo kwa gongo la bibi yake, ulimi ulikataa. Nikasema ana homa. Nilidhani nadanganya, na jioni ile nzima nilijilaumu kwa kumtabiria mtoto ugonjwa. Mama Devota akasema homa si mchezo miezi hii, na kama itazidi nimlete Mkomaindo, dada yake ni muuguzi pale hospitali, na nyumba yao iko jirani. Akarudia mara ya pili ili nisisahau.

Masasi

Tulivuka, tukakwama, tukasukuma, tukakwama tena. Yale ya Nangurukuru na Mbwemkuru niliwahadithia wengine wenu, yatosha. Tulipoona majabali ya Masasi basi zima likashusha pumzi, mimi peke yangu ndiye niliyezidi kuogopa, kwa kuwa safari ikiisha ndipo jambo lenyewe linaanza.

Niliagana na Mama Devota stendi, nikasubiri apotee machoni, halafu nikaenda moja kwa moja kituo cha polisi. Niliwaza kwamba kama mtoto kakamatwa uwandani, kule juu kwetu, huenda wamemteremsha huku. Askari wa kaunta alikuwa kijana mpole, akanipa kiti. Nikamwambia nimekuja kumdhamini mwanangu Zaituni, yuko ndani. Akauliza kosa. Nikasema sijui. Akauliza kakamatiwa wapi. Mnyambe. Akaenda kuangalia, akarudi akasema hapa hakuna mtoto, wala hawawezi kumweka mtoto.

Nikaanza kulia. Nilifikiri wananificha. Nikasema kwa sauti kwamba nimeletewa habari mpaka Dar, mtoto yuko ndani, hali yake si nzuri, wanieleze wamemfanya nini. Kulikuwa na mama mtu mzima akifagia baraza. Akaacha ufagio, akaja akachungulia uso wangu, akaniuliza kwa upole, "Mama Zaituni, mwanao ana miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Na huu ni mwezi gani? Shule si zimefungwa?" Akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa kanga. "Ndani ya nyumba, mama. Mwali yuko ndani. Anachezwa unyago. Watoto wa kike huko juu wengi wako ndani mwezi huu."

Askari naye akacheka, na mimi nikacheka huku machozi yanateremka. Mmakonde mzima naambiwa maana ya ndani kituoni! Lakini mimi niliondoka Mnyambe mdogo, mjomba kanichukua kwenda kuishi naye klabuni alikokuwa akitunza viwanja, kabla sijafika umri wa unyago. Mambo ya mwali niliyasikia kwa mbali, na kwa mtu ambaye mama yake ana mtungi wa gongo, neno ndani lilikuwa na maana moja tu.

Furaha ile haikufika hata nje ya geti. Yule mama alinisindikiza, akaniuliza ni nani aliyesema hali si nzuri. Nikamweleza. Akaacha kucheka. Kisha akasema mwali akiumwa, habari hazitolewi nje hivi hivi. Zikitolewa, ujue wameshindwa. Nikaondoka pale na hofu mpya, na hii haikuwa na dhamana.

Kupanda Newala

Gari la kupanda uwandani lilikuwa pikapu ya mnunuzi wa korosho, imejaa magunia matupu, na juu ya magunia tumejaa sisi. Lilikwenda vizuri mpaka kwenye mteremko mkubwa wa Newala. Hapo likaanza kurudi kinyumenyume. Dereva akatuamuru tushuke tupande kwa miguu, gari lifuate likiwa tupu.

Hakuna aliyeshuka. Nikauliza kuna nini. Mzee mmoja mwenye baragashia akanijibu kwamba pale, kwenye ile kona, mama mmoja aliyekuwa akitoka kuchota maji bondeni kachukuliwa na simba, na mazishi yalikuwa ya kanga tu. Dereva akasema hizo ni habari za zamani. Mzee akasema simba wa porini ndiye anayekuwa wa zamani, huyu ni wa kutengenezwa kwa uchawi, ana mwenyewe, na mwenyewe yuko hai na anajulikana. Hapo hata dereva alitazama nyuma.

Tulishuka kwa kuwa jua lilikuwa bado liko juu na hakuna njia nyingine. Wanawake wakaanza kuimba ili mnyama asikie watu ni wengi, wanaume wakapiga makopo. Mimi nilitoa raketi mfukoni, nikaishika kwa mikono miwili kama ninayengoja mpira wa kwanza. Mzee akanitazama, akauliza kama nitamchekecha simba. Watu wakacheka na mimi nikacheka, lakini sikuirudisha mfukoni. Kila kichaka kilichotikisika niliona kitu. Nilikuwa najiambia, nikiliwa hapa, nani atakwenda kwa Zaituni? Nilipofika juu na kuona mikorosho imejipanga na upepo wa uwandani ukanipiga usoni, nilikaa chini mavumbini.

Mnyambe

Mama yangu alikuwa amesimama njiani, kichwa wazi, kanga kaifunga kiunoni kama mtu wa msiba. Nikajua nimechelewa. Nikapiga kelele. Akanishika mdomo akasema hajafa, yuko ndani, tangu jana hataki uji. Homa inampanda, inashuka, inampanda. Dawa za majani zimemaliza msitu.

Nikauliza kwa nini hajapelekwa hospitali. Mama akaniambia, na hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo roho ya mwanangu ilipokuwa imening'inia. Mwali hatolewi kabla ya siku yake. Kukiwa na jambo zito hutolewa, lakini mwenye neno ni mama mzazi peke yake, na neno hilo husemwa ndani, mbele ya wanawali na wakubwa wao. Bibi hana neno hilo. Ndiyo sababu nimeitwa.

Nikasema basi nipisheni, nikalisema. Nikakimbilia ile nyumba. Wanawake walikuwa wamekaa mlangoni, na katikati yao Bi Salima, nyakanga, mkubwa wa mambo yote ya unyago pale kwetu. Ni mwembamba, mfupi, sauti yake ya chini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, hakusogea.

"Mama Zaituni," akasema, "wewe ulichezewa wapi?"

Nikamwambia sikuchezwa, mjomba alinichukua mapema.

"Basi wewe bado ni mtoto. Mtoto haingii humu."

Jamani, mimi nina mvi. Nilizaa, nikaachika, nikavuka mipaka ya nchi. Nikamwomba, nikamlilia. Nikamwambia nitapita kwa nguvu, na wale wanawake wakasogeleana tu, mabega kwa mabega, bila ugomvi. Kutoka ndani nilisikia kikohozi kidogo. Nilikijua. Sijawahi kuogopa maishani mwangu kama pale, hatua chache kutoka kwa mtoto, na kilichotuzuia ni kitu nilichopaswa kufanyiwa nikiwa na umri wake.

Nikapayuka. Nikasema msiniite mtoto, nimecheza Nairobi, nimecheza Lusaka, nimecheza Harare, mabibi wazima wameniangalia!

Wakatazamana. Mmoja akauliza, huko nako wanachezwa? Mwingine akasema kasema kucheza, hakusema kuchezwa, na hivyo viwili ni mbali. Bi Salima akainua mkono wakanyamaza. Akanitazama, akaitazama raketi.

"Somo wako, aliyekufunda, alikuwa nani?"

Nikamjibu lililokuja. Mnamkumbuka mwalimu wangu, yule mama mzee wa Kigoa aliyeniokota nikikimbilia mipira. Nikasema ni yeye.

"Alikunyoa?"

Alininyoa, nywele zilikuwa zinaniingia machoni. Alikukataza vyakula? Alinikataza soda, maandazi, na kula ovyo. Akikugombeza ulimjibu? Sikumjibu hata siku moja. Alikufungia? Jioni mlango ulifungwa, sikuona sinema wala dansi. Mlivaa rangi gani? Nyeupe tupu. Mlikatazwa nini mbele za watu? Kulia na kubishana. Na watu wakaja kuwatazama, wakapiga makofi? Walikuja, bibi, wakapiga.

Wale wanawake walikuwa wameacha kutazamana, wananitazama mimi. Mama yangu alikuwa kashika shavu. Mimi mwenyewe nilikuwa nasikia majibu yangu kana kwamba anajibu mtu mwingine.

"Sasa niambie," akasema Bi Salima. "Siku ya kutoka, nani alikutoa?"

Niliona ule uwanja wa Harare. Nikamwambia hakuna. Niliumia bega, nikatoka peke yangu, nikaenda kuoga.

Mlangoni wakatoa sauti ya huruma wote kwa pamoja, ile ya kusikia habari ya msiba. Bi Salima akatikisa kichwa polepole.

"Mwali akitoka peke yake hajatoka. Masikini, huyu yuko ndani mpaka leo. Ndiyo maana anatetemeka hivi." Akawageukia wenzake. "Kuingia kama mtu mzima hawezi. Lakini mwali kuingia kwa mwali mwenzake, nani anakataza?"

Hakuna aliyekataza. Wakajadiliana kidogo kwa Kimakonde, bibi mmoja akanung'unika, Bi Salima akamjibu maneno mawili. Nikaambiwa nivue viatu, niinamishe macho. Nikaingia.

Ya ndani siwaandikii, na mkiniuliza mtapoteza pumzi zenu. Nitasema tu kwamba Zaituni alikuwa amelala kwenye mkeka, na nilipomgusa mkono ulikuwa kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Nikasema neno langu: naomba mwanangu. Bi Salima akasema, "Limesikika."

Kuteremka Mkomaindo

Lori la kwanza lililopita lilikuwa na korosho za kwenda Masasi, nami kule nilikuwa na Mama Devota na dada yake. Mgonjwa hupelekwa penye mtu wake. Sikubishana na bahati.

Bi Salima alipanda na sisi. Alimfunika Zaituni kanga gubigubi asionekane na wanaume, akampakata juu ya magunia mpaka chini, na kila lori liliporuka shimo aliguna yeye badala ya mtoto. Kwenye ile kona sikumwogopa simba hata kidogo. Nilikuwa nasikiliza pumzi chini ya kanga. Mara zinakwenda mbio, mara nazikosa, nafunua pembe, Bi Salima ananipiga kofi la mkono na kufunika. Mahali fulani kabla ya Masasi mtoto alianza kuongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu, akimwita bibi yake awafukuze kuku. Nikamwambia Bi Salima anakufa. Akasema, "Anayewaona kuku bado yuko duniani." Lakini nilimwona midomo yake inatembea kwa dua, naye hakuwa ananitazama.

Mama Devota alipotuona getini kwake hakuuliza kitu. Alisema tu, "Homa," akatangulia mbele hospitali. Daktari wa zamu alikuwa mwanamume, na Bi Salima akakaa kitandani mbele ya mgonjwa kama komeo. Nikadhani tutarudia yale yale ya mlangoni. Yule daktari, naona ni mtu wa huku huku, alimwamkia shikamoo, akageukia ukutani, akanyoosha mkono nyuma. Bi Salima akautoa mkono wa Zaituni chini ya kanga, akampa. Daktari akatoboa kidole, akapima mapigo, akaagiza dripu ya kwinini, yote bila kuuona uso. Malaria, imekaa sana. Akasema tungoje.

Tulingoja. Hii ndiyo sehemu ambayo sikumwambia yeyote kati yenu. Mimi na Bi Salima tulikaa sakafuni, tukila ugali wa muhogo na kisamvu alicholeta Mama Devota, kisha tukawa hatuli. Nilimuuliza mtoto angekufa mle ndani ingekuwaje. Akanijibu kwamba angekufa, na yeye Bi Salima asingecheza mwali mwingine tena. Hakujitetea zaidi ya hapo. Maji yalidondoka kwenye ule mpira wa dripu, nami nikayafuata kwa macho kama nilivyokuwa nafuata mpira mwingine.

Mchana mmoja mvua ikinyesha, sauti ikatoka chini ya kanga ikaomba uji wa mchele, na kama upo, usiwe na chumvi. Bi Salima akatoka nje ya wodi. Nilimwona kwenye veranda kaupa mgongo mlango, anajifuta uso.

Siku ya kutoka kwa wanawali wa Mnyambe ilipofika sisi tulikuwa bado Mkomaindo, Zaituni karuhusiwa lakini hana nguvu za safari. Bi Salima akasema siku ni siku. Alitusafisha mimi na Zaituni kwa maji ya ndoo nyuma ya nyumba ya Mama Devota, akatupaka mafuta, akatufunga kanga mpya za doti moja, nusu mtoto nusu mimi. Nikasema bibi, mtoto ndiye mwali, mimi niache. Akaniambia nifunge mdomo, somo wangu hakunifundisha kujibu.

Uani walikuwepo Mama Devota, dada yake muuguzi na mashoga zake wawili waliotoka zamu, majirani Waislamu kwa Wakristo, na mama yangu aliyekuwa kateremka asubuhi na kuku wawili. Mlango ukafunguliwa. Tukatoka mimi na mwanangu, macho chini kama inavyotakiwa, yeye kashika mkono wangu mbovu. Vigelegele na makofi vikapasuka. Katika makofi yote niliyopigiwa maishani, haya hayakuwa na mshindani upande wa pili.

Tukasimama. Bi Salima akaja mbele yetu, akatugusa videvu, mmoja baada ya mwingine.

"Inueni macho. Mchezo umekwisha."

Niliinua. Sikuweza kujizuia, nikalia kwa sauti mbele za watu, kitu nilichokatazwa tangu utoto, bega linanitikisika lote. Zaituni akanitazama kwa mshangao, kisha akanifuta uso kwa pembe ya kanga yake.

"Usilie, mama," akasema. "Tumeshatoka."